Mama Alipokataa Kushuka Lifti

Asiyekuwepo na lake halipo, husema watu. Waongo wakubwa. Nyumbani kwa kina Fundi asiyekuwepo ndiye aliyekuwa na lake, na waliokuwepo ndio waliokosa. Kiti cha dirishani kilikuwa chake, hakikaliwi na mtu. Msumari nyuma ya mlango ulikuwa wake, hautundikwi nguo. Hata kimya kilichotanda mezani wakati wa kula kilikuwa chake, na wote walikipisha kama anavyopishwa mkubwa mlangoni.

Bi Giza aliyajua hayo yote kabla hajaikanyaga nyumba yenyewe. Bi Giza si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na wasomaji, kwa riwaya zake za mapenzi yenye meno: wasichana wa mjini wanaopendwa na majini, mizuka inayopanga vyumba kwenye maghorofa, wafu wanaorudi kudai busu walilokatiziwa. Nje ya kitabu alikuwa mtu wa kawaida kabisa, mwenye miwani na mgongo unaouma. Aliweza kukaa na maiti sura nzima bila kupepesa, lakini akiona mende alipanda juu ya kiti na kupiga mayowe hadi majirani wakaja.

Fundi alikutana naye kwa sababu ya swali. Alikuwa fundi wa lifti, na Bi Giza alimfuata kazini kumuuliza shimo la lifti lina harufu gani. Watu walizoea kumuuliza lifti itapona lini. Harufu ya shimo hakuwahi kuulizwa na mtu. Alifuta mikono yake kwenye kitambaa, akafikiri, akajibu taratibu: "Grisi. Vumbi. Na watu waliopita." Bi Giza akamtazama machoni, na macho yakakataa kurudi. Mpaka leo hajui kama alipenda jibu kwanza au mtu.

Baadaye, walipozoeana, Fundi alimsimulia habari za mdogo wake. Alikuwa kitinda mimba, fundi wa lifti pia, na kwa kuwa alipiga mluzi kutwa nzima walimwita Mluzi. Asubuhi moja mlango wa lifti ulifunguka kwenye ghorofa ya juu ya jengo moja la ofisi, Mluzi akaingia, na lifti haikuwepo. Hayo tu. Fundi aliyasema huku amelaza kichwa kwenye mapaja ya Bi Giza, uso ameugeuzia ukutani, na tangu hapo kila alipolala pale alitoa kipande kingine cha Mluzi: jinsi alivyokuwa akinuka maganda ya machungwa, jinsi alivyogonga fremu ya mlango kwa spana kabla ya kuingia shimoni, ko, ko-ko, akisema hata shimo linastahili hodi.

Vipande hivyo Bi Giza aliviunga. Ikatoka riwaya iliyoitwa *Bwana wa Shimoni*, ya fundi aliyekufa na kubaki ndani ya lifti, anayeisimamisha kati ya ghorofa na ghorofa ili azungumze na mwanamke ampendaye. Nayo haikuandikwa kwa siri. Bi Giza alikuwa na utaratibu wake: ukurasa haukutoka chumbani kwake kabla haujasomwa kwa sauti ukaingia sikioni mwa mtu. Sikio hilo lilikuwa la Fundi. Alisikiliza huku amefumba macho, na kila Bi Giza alipokoma alisema neno moja, "Endelea."

Ndiyo maana mchana huo, Fundi alipoingia bila hodi akiwa bado na ovaroli la kazi, Bi Giza alifurahi kabla hajamtazama vizuri. Kisha alimtazama.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna aliyekufa. Hilo ndilo tatizo." Fundi alisimama katikati ya chumba, mikono imeganda ubavuni, kama mtu anayeogopa kuchafua kila kitu. "Kwenu nyinyi waandishi hakuna anayekufa."

"Kaa kwanza, mpenzi."

"Sikai. Wajua nimetoka wapi? Nimetoka lile jengo."

Hakuwa na haja ya kusema jengo gani. Tangu mazishi alikuwa amekataa kazi yoyote ya pale, na kampuni ilimwelewa.

"Walipiga simu lifti imekwama na mtu yuko ndani. Mwenzangu ni mgonjwa, sikuwa na wa kumtuma. Nikapanda ngazi mwenyewe. Nikafungua mlango kwa ufunguo, nikakuta chumba cha lifti kimesimama nusu juu, nusu chini. Kitu cha kwanza nilichoona ni viatu. Vile viatu vya bluu vilivyopasuka pembeni, ambavyo kila siku namwambia avitupe."

"Mama?" Bi Giza alishika ukingo wa meza.

"Mama. Amekaa kwenye kigoda chake cha jikoni. Amekuja nacho! Mlinzi ananiambia, 'Huyu bibi huja kila siku, tulidhani ana mtu wake humu.' Kila siku, unanisikia? Anapanda, anashuka, anagonga ukuta, anazungumza. Shangazi amekuwa akimsomea kile kitabu chako, kwa sababu Mama macho yake yana ukungu. Na leo lifti ilipokwama, alifurahi. Alidhani ameitikiwa."

Bi Giza alitaka kumsogelea. Hakuuachia ukingo wa meza.

"Nikamwambia, 'Mama, nipe mkono nikushushe.' Akaniambia, 'Funga mlango, mwanangu, unaingiza mwanga. Ndugu yako hapendi mwanga.'" Sauti ya Fundi ilipasuka. "Hapendi mwanga! Hilo si lake, hilo ni lako. Umelitia wewe. Mluzi alikuwa mwoga wa giza, mtu mzima na ndevu zake alilala na taa inawaka. Nilikuambia hilo?"

"Hukuniambia."

"Sikukuambia. Na sasa Mama hamkumbuki yule wa taa. Anamkumbuka wa kwako."

Lile neno lilimwingia Bi Giza kama mwiba wa samaki kooni. Alikuwa amezoea kusikia vitabu vyake ni vichafu, ni vya kishetani, vinaharibu wasichana. Hayo aliyacheka. Hili halikuchekeka.

"Ulisikia kila ukurasa," alisema hatimaye, kwa upole. "Kila neno lilipita sikioni mwako kabla halijaenda kwa mtu mwingine. Ukasema endelea."

"Nilidhani unanisomea mimi."

"Nilikuwa nakusomea wewe."

"Basi kwa nini ukauza?" Fundi alimtazama, na ndani ya yale macho mapenzi yalikuwa bado yamesimama, lakini yamesimama kama mgeni aliyeshika mzigo wake tayari. "Twende nyumbani. Shangazi amekaa naye. Utamwambia Mama ni uongo, utamwomba radhi, yaishe. Harusi yetu iko mlangoni. Sitaki tuingie nayo kwenye nyumba iliyopasuka."

"Uongo si neno langu. Nitamwambia nilimtunga."

"Sema utakavyosema. Radhi tu uombe."

Bi Giza hakuitikia. Alivua kandambili, akavaa viatu, na Fundi akachukua kimya chake kuwa ndiyo.

Njiani walitembea bega kwa bega bila kugusana. Penye kona, ambapo kwa kawaida Fundi humshika kiwiko kumvusha barabara, mkono wake uliinuka wenyewe kwa mazoea, ukakumbuka, ukashuka. Bi Giza aliuona. Angeutamani mkono ule hata ungekuja kumpiga.

Mlango ulifunguliwa na Shangazi, dada wa marehemu baba yake Fundi, mwanamke mpana wa sauti na wa mabega.

"Karibu, mama wa mizimu," alisema. "Umekuja peke yako au umeongozana na jeshi lako?"

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, ila haijatoka moyoni. Ingia. Angalia usikalie kile kiti."

"Najua."

"Unajua! Kila kitu unajua. Na mimi mjinga, nilikuwa nakusoma! Tangu kile kitabu cha jini la kwenye benki. Nakivika gazeti kwa nje watu wasione. Wifi yangu akaniambia, 'Soma kwa sauti na mimi nisikie.' Nikasoma. Kumbe namtilia sumu sikioni kwa ulimi wangu mwenyewe."

"Hukujua ni nani unayemsoma?"

"Ningejuaje? Nilifika pale anapogonga kwa spana, nikamwona wifi ameshika kifua. Nikamuuliza, 'Nisimame?' Akaniambia nirudie." Shangazi aligeuza uso upesi. "Nikarudia. Nikarudia mpaka koo likakauka. Basi nilikoma kukusoma hapo hapo."

"Ulikoma ukurasa gani?" Bi Giza alijikuta ameuliza. Ulimi hauna mfupa.

"Nilimaliza chote! Nilikoma baada ya kumaliza. Usinitoe kwenye maneno."

Fundi alipita katikati yao bila kutabasamu.

Mama alikuwa amekaa sebuleni, mkoba wa nje bado begani, kama aliyechukuliwa kabla ya safari kwisha. Alikuwa mdogo kuliko alivyokuwa mwezi uliopita. Mikono yake ilitulia mapajani, lakini kidole kimoja hakikutulia. Kiligonga goti taratibu, ko, ko-ko, kikanyamaza, kikasikiliza.

"Mama, nimekuja naye," Fundi alisema. "Ana neno la kukuambia."

Uso wa mama ulichanua. Hilo ndilo Bi Giza hakulitegemea. Alijiandaa kwa machozi, kwa matusi, hata kwa kofi. Hakujiandaa kupokewa kama mtu aliyetoka mbali na salamu.

"Mwanangu, njoo ukae karibu yangu. Hapa, hapa. Walinitoa, wajua? Lifti ilisimama vizuri kabisa, huyu kaka mtu akaja akanitoa." Alimshika Bi Giza mkono, na kiganja chake kilikuwa cha moto. "Wewe umemwona. Mimi huwa namsikia tu. Niambie, amekonda?"

Nje gari lilipita, likaenda zake.

Bi Giza alikuwa na kipaji kimoja tu duniani, nacho ni hiki: angeweza kumjibu. Maneno yalikuja yenyewe, yamejipanga mlangoni mwa midomo. Hajakonda, Mama. Anakusalimu. Anasema usije tena na hicho kigoda, utaumia mgongo. Angeyasema kwa sauti yake ya kusomea, na mwanamke huyu angelala usingizi mnono leo, na kesho angerudi kwenye lifti, na keshokutwa, mpaka siku mlango utakapofunguka na lifti haipo.

Alimtazama Fundi. Fundi alimwashiria kwa kichwa: sema.

"Mama," alisema, "sijamwona."

"Umemwandika."

"Nimemwandika. Sijamwona. Hayupo kule, Mama. Nilikaa mezani kwangu nikamtunga."

"Huwezi kumtunga mwanangu."

"Jina la kitabuni nilitunga. Giza lile nililitia mimi. Yule mwanamke wa ghorofani hakuwahi kuzaliwa. Kwenye lifti hakuna mtu. Ni kamba za chuma na mota."

Shangazi alivuta pumzi kwa nguvu. "Polepole, wewe!"

Mama hakulia. Aliutazama mkono wa Bi Giza uliokuwa ndani ya mkono wake, akauachia, akaurudisha mahali pake kama anayerudisha kikombe cha wenyewe.

"Na kugonga?" aliuliza. "Ko, ko-ko. Umetunga na hilo?"

"Hilo ni lake."

"Na maganda ya machungwa?"

"Ni yake."

"Na kwamba alipokuwa mdogo alificha viatu vya kaka yake ili kaka asiende shule, abaki wacheze? Hilo mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau. Nilipolisikia nilisema, haya basi, hakuna wa kumwambia hili isipokuwa yeye mwenyewe. Ndipo nilipoanza kwenda." Macho yenye ukungu yalimtafuta Bi Giza. "Nani alikuambia?"

Bi Giza alifumba midomo. Lakini hakuwa na haja ya kujibu, kwa sababu Mama alikuwa ameshageuza kichwa. Aligeuka taratibu, mpaka akamfikia aliyesimama karibu na mlango mwenye ovaroli la kazi.

"Wewe?"

"Mama..."

"Ni wewe uliyemwambia?"

Fundi aliinamisha kichwa.

"Tumekaa meza moja," alisema Mama. Sauti haikupanda, ingepanda ingekuwa nafuu. "Tangu tumzike, tumekaa meza moja, mimi na wewe. Nikifungua mdomo kumtaja ndugu yako, unaniambia, 'Mama, kunywa chai, itapoa.' Nikitoa picha yake, unairudisha kabatini. Nikajiambia, mwanangu hana maneno, maneno yamemwishia, nisimuumize. Nikanyamaza kwa ajili yako. Nikaenda kukaa kwenye lifti ya watu, nizungumze na ukuta. Kumbe maneno unayo! Tele! Unayapeleka kwa mtu mwingine."

"Nilikuwa nakuhurumia, Mama. Sikutaka uumie."

"Ulinihurumia kama anavyohurumiwa mbwa. Kwa kufungiwa nje."

"Wifi, basi," Shangazi alisema, machozi yakimtiririka. "Mtoto hakukusudia."

"Na wewe wifi ulijua msumari ule ni wa nani, na hukuniuliza hata mara moja kama naumia nikiutazama." Mama alisimama. Bi Giza alinyoosha mkono kumsaidia, Mama akaukwepa. Si kwa hasira, kwa uchovu. "Niacheni. Nataka kulala mchana. Leo nimefiwa."

Alikwenda chumbani kwake akishika ukuta. Mlango ulifungwa. Wakangoja kilio, hakikuja.

Shangazi ndiye aliyepata sauti kwanza. "Mmeona? Mwanamke hajaolewa bado, mama na mwana wameshageukiana. Akiolewa si tutazikana? Nilisema mimi. Anayelala na wafu kitabuni atawaleta mezani."

"Shangazi, tupishe kidogo," alisema Fundi.

"Nipishe niende wapi? Hapa kwa kaka yangu!"

"Jikoni, Shangazi. Tafadhali."

Alikwenda, lakini mlango wa jikoni aliuacha wazi.

Fundi na Bi Giza walibaki na kile kiti kitupu kati yao. Mwanga wa mchana ulimpiga Fundi upande mmoja wa uso, ukaonyesha mstari wa grisi kuanzia sikioni hadi kidevuni, pale alipojifuta machozi kule shimoni bila kukumbuka mikono yake ilikuwaje. Bi Giza alitamani kulamba kidole autoe, kama alivyowahi kufanya. Mapenzi hayana adabu. Huchagua saa mbaya kabisa kupanda kichwani.

"Hukumwomba radhi," Fundi alisema.

"Hapana."

"Nilikuomba jambo moja."

"Aliniuliza kama mwanawe amekonda. Hapo ulitaka niweke radhi wapi?"

"Umemvunja."

"Nimemwambia ukweli. Wewe mwenyewe uliniashiria kwa kichwa niseme."

"Useme ni uongo! Sikusema unitaje."

"Sikukutaja. Nilifumba mdomo. Mama yako si mjinga."

Fundi alipitisha mikono yote miwili usoni, grisi ikasambaa. Alipoitoa alikuwa ametulia, na utulivu ule ulimtisha Bi Giza kuliko makelele.

"Sikiliza," alisema kwa sauti ya chini, sauti ile ya mapajani. "Nakupenda. Unajua. Sijawahi kusema mambo yangu kwa mtu kabla yako, na sidhani nitaweza tena. Nenda pale mlangoni pa Mama. Gonga. Sema nisamehe kwa kitabu. Neno moja. Kisha tutaoana, na hili lote tutalifukia, hatutalitaja tena."

"Tutalifukia."

"Ndiyo."

"Kama mlivyolifukia la kwanza."

"Usinigeuzie maneno, hiyo ni kazi yako, mimi siiwezi! Nakuomba useme nisamehe. Hata kama haitoki moyoni."

"Mama yako ameishi na maneno yasiyotoka moyoni tangu siku ya mazishi. 'Kunywa chai, itapoa.' Unataka na mimi niongeze la kwangu juu yake?"

"Nataka mke!" Kutoka jikoni kijiko kilianguka. Fundi akashusha sauti. "Nataka mke anayeweza kuingia nyumba hii. Kama hilo ni kubwa mno, basi niambie sasa. Ukitoka nyumba hii hujalisema, usinisubiri. Sitakuja. Si leo, si kesho."

Bi Giza alimtazama kwa muda mrefu, akimhifadhi: mabega, kope, kovu dogo kwenye kidole gumba. Alijua anachofanya, na alijichukia kwamba hata sasa alikuwa akichagua maneno ya kumwelezea. Kifuani mwake kitu kilikuwa kinashuka, kinashuka, na hakikugusa chini.

"Nitakulilia," alisema. "Usidhani natoka hapa nikicheka. Nitakulilia mpaka nichakae. Na nilichomtia ndugu yako, lile giza, litaniuma maisha yangu yote, kwa sababu hakulipenda na sikuuliza."

"Basi liseme kwa Mama! Hilo hilo!"

"Mama nimemwambia lipi langu na lipi la mwanawe. Akitaka tena nitamwambia tena, aniite saa yoyote. Lakini wewe hutaki nimwambie. Unataka nijitie kosani ili wewe utoke. Unataka ionekane nyumba hii ilikuwa nzima mpaka nilipokuja mimi na kitabu changu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hapana."

"Fikiria vizuri."

"Nimefikiria. Ndugu yako alikaa kwenye kitabu changu kwa sababu hapa hakupewa pa kukaa. Kwa hilo radhi siombi. Si kwa Mama, si kwa Shangazi aliyesimama nyuma ya mlango, na wewe nikupendavyo, hata kwako siombi."